Ufunguo wa Dhahabu na Bakuli la Bibi Gaudensia

Nimestaafu. Najua mtacheka. Mama yangu mwenyewe alicheka mpaka akakohoa, eti mtu hata kuolewa bado, anastaafu. Lakini sina neno lingine. Sijafukuzwa, sijahamishwa, sijagombana na mtu. Nimeiacha ile kazi na sirudi. Nyie wadogo zangu mnaoanza sasa hivi kuvaa fulana ya bluu ya kampeni mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi: namna ya kupata lokesheni, namna ya kukaa na watu, vifaa. Nitaandika. Ila mjue kabisa naandika nikiwa na aibu, na aibu yenyewe haijapoa.

Kwa asiyejua, kazi yetu ilikuwa hivi. Kuna mwanamuziki mkubwa wa Dar, jina silitaji, kazini tulimwita Dada Mkubwa. Ana kampeni ya watu wasio na makazi. Anaposti, anasimama majukwaani, anasema kila mtu alale chini ya bati. Halafu mara kwa mara anakuja mwenyewe mikoani, anamjengea mtu mmoja nyumba, inapigwa video, kampuni inayotoa bati inafurahi, nchi nzima inalia. Kabla hajafika lazima mtu atangulie kumtafuta huyo mwenye shida, kuongea na mwenyekiti wa kijiji, kutafuta fundi, kukodi viti. Huku kwetu, kuanzia Mbinga mpaka Mbamba Bay, mtangulizi nilikuwa mimi. Nilichukuliwa kwa sababu nimemaliza fomu foo, naongea Kimatengo, na simu yangu ilikuwa inatunza chaji.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeupe. Msivae viatu vyeupe. Tulikuwa tunapanda kwenda kwa mzee mmoja, mvua imetoka kunyesha, na ule udongo wetu mnaujua. Nilifika nimevaa matofali mawili. Nikatoa simu haraka haraka ili nionekane nafanya kazi, na yule mzee akaingia ndani akafunga mlango. Aliyenifundisha ni Kaka Zuberi, dereva na mpiga picha wetu. Zuberi ni mtu wa Mbinga mjini, baba yake anauza vitambaa karibu na stendi, babu zake walitoka pwani. Alikuwa ameegemea gari anakula karanga.

"Skola," akaniambia, "ukifika kwa mtu kaa kwanza. Kaa mpaka uchoke. Ukitoa simu kabla hujakaa, wewe ni askari."

"Nitakaa mpaka saa ngapi sasa?"

"Mpaka mtoto wa pale aache kukushangaa."

Hilo ndilo somo nililopata, na mimi sina subira, kwa hiyo nililitumia nusu. Lakini hata nusu ilinisaidia sana kuliko zile semina za mtandaoni za meneja wa Dada Mkubwa.

Vifaa. Kuna lile duara la fedha la kurudishia mwanga usoni, sisi tunaliita sinia. Lishikeni kwa mikono miwili, kwenye upepo linaondoka na mtu. Kuna spika. Kuna viti vya plastiki, kodini vyeupe, vyekundu vinaharibu rangi ya picha. Halafu kuna ufunguo. Ufunguo ni wa mbao nyembamba, fundi seremala wa Mbinga ndiye aliyeukata, umepakwa rangi ya dhahabu, urefu wake kama mtoto wa darasa la pili. Dada Mkubwa anamkabidhi mwenye nyumba, watu wanapiga vigelegele, picha inapigwa. Tukimaliza, tunamnyang'anya. Sijui niseme vipi. Tunauchukua tunauweka kwenye gari kwa ajili ya mtu wa mbele. Watu walikuwa hawajui kama haubaki. Babu mmoja alishaanza kuutafutia msumari ukutani. Ufunguo wenyewe wa kufuli ulikuwa mdogo tu, mara nyingi Zuberi ndiye aliyekuwa anakumbuka kuutoa mfukoni.

Msifikiri Dada Mkubwa ni mtu mbaya. Nataka hili lieleweke kwa sababu nimesikia mnavyomsema. Utotoni vyombo vyao vilitupwa nje na mwenye nyumba, majirani wanatazama, mama yake anaokota vijiko. Alinisimulia mwenyewe kwenye gari, na alipofika kwenye vijiko akageuka dirishani. Alikuwa anaamini asiposema yeye, mwenye sauti, hakuna atakayesema. Mimi pia niliamini. Na bati ziliezekwa kweli, watu wanalala chini yake mpaka leo.

Sasa kijiji cha Mpepai.

Bibi Gaudensia ni mjane, mtu mzima sana. Nyumba yake ilianguka ukuta wa nyuma wakati wa mvua, na paa likafuata. Mimi ndiye niliyempata. Nilikaa kwake kama Zuberi alivyonifundisha, tukapukuchua maharage, akaniambia kila kitu. Usiku alikuwa analala kwa shemeji yake, Mzee Otmari, mdogo wa marehemu mume wake, hatua chache tu kutoka pale. Walikuwa wamempa chumba cha wajukuu. Na kwa Mzee Otmari sengu bado ipo. Siku hizi nyumba nyingi wameacha, lakini pale jioni ukoo wote unakaa kwa mkubwa wao, kila jiko linaleta chakula chake, mnakula pamoja, na maneno ya nyumbani yanaongelewa hapo hapo. Bibi Gaudensia alikuwa anapeleka bakuli lake kama mke mwingine yeyote. Alikuwa hana nyumba. Watu alikuwa nao.

Nilimweleza meneja hivyo hivyo kwa simu. Akasema safi, stori nzuri.

Nyumba ikajengwa kwa haraka sana, bati za bluu, mlango wa chuma, sebule kubwa ya kupigia picha. Jiko hatukujenga. Majiko ya kwetu yanakaa nje, yana moshi, na meneja alisema moshi hauvutii. Nilisema kidogo. Nikaambiwa ramani ni ya kampeni nzima.

Siku ya kukabidhi, Dada Mkubwa akamkalisha bibi mbele ya ile nyumba iliyoanguka. Mimi nimeshika sinia. Akamshika mkono, akamuuliza taratibu, "Bibi, usiku ulikuwa unalala wapi?"

Bibi akanyamaza.

Nyie mliozaliwa huku mnajua kwa nini alinyamaza. Mjane hawezi kusimama mbele ya wanaume wageni wenye kamera akatangaza analala nyumbani kwa shemeji yake wa kiume. Haisemwi hivyo. Watu wa pale walijua analala wapi, na inatosha. Kwa hiyo akatazama chini, akavuta kanga. Dada Mkubwa akaona vile, machozi yakamtoka, ya kweli kabisa, akageukia kamera: "Ndugu zake wamemtelekeza. Mjane huyu analala kwenye haya matofali."

Nikashusha sinia. Zuberi akaniangalia. Baada ya hapo tulimfuata meneja wote wawili, Zuberi akamwambia wazi kwamba lile neno litaleta shida kubwa pale kijijini. Meneja akasema litakatwa.

Halikukatwa. Liliwekewa muziki wa huzuni.

Ilisambaa vibaya sana. Baba yangu alinipigia simu, na baba hapigi simu, anabipu. "Skola, hao ni watu wa kwetu." Akakata. Mzee Otmari ana wajukuu Songea, Dar, mmoja yuko chuoni Mbeya. Wote walisikia babu yao akisemwa mtandaoni, yeye na ukoo mzima, watu wa kumuacha mjane alale kwenye kifusi. Kuna mtu aliandika kwenye komenti kwamba Wamatengo ndivyo walivyo. Nilisoma zile komenti nimejifunika shuka, mchana, nikiwa nyumbani, kama vile mtu angeniona.

Niliporudi Mpepai kupeleka kitasa kilichosahaulika, nilimkuta bibi anapika mbele ya ile nyumba ya bluu kwenye mafiga matatu, moshi unapanda kwenye rangi mpya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na wale?"

"Hapana, peke yangu."

"Afadhali."

Akaniambia bado anapeleka bakuli jioni. Hakuna aliyemkataza, hakuna aliyemtukana. Analiweka pale katikati na mabakuli mengine. Wanakula mengine. La kwake linarudi limejaa.

"Kila siku?"

"Kila siku. Nampa kuku asubuhi. Kuku amenenepa." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Mimi sikusema wamenitelekeza, Skola. Mimi sikusema kitu."

"Najua bibi. Nilikuwepo."

"Ndiyo. Ulikuwepo umeshika lile sinia."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakumbuka tu nilikuwa wapi. Nimebeba maneno hayo mpaka leo.

Nilimwandikia Dada Mkubwa mwenyewe, nikamruka meneja. Nilimwandikia kirefu, habari ya sengu, ya bakuli, ya kwa nini bibi alinyamaza. Nilitegemea asijibu. Alipiga. Alikuwa analia, akaniuliza tena na tena, "Kwa hiyo ndugu zake walikuwa wamemchukua?" Nikasema ndiyo dada. "Na mimi nimewafanyia kama yule mwenye nyumba alivyotufanyia sisi. Mbele za watu."

Akaja. Bila meneja, bila kamera, bila zile nywele za bandia za jukwaani. Zuberi ndiye aliyetupeleka. Dada Mkubwa alibeba jogoo na kitenge cha mke wa Mzee Otmari, na njiani alikuwa anafanya mazoezi ya kusema shikamoo bila haraka. Nilimpenda siku ile, nasema kweli.

Mzee Otmari alitukaribisha, tukapewa viti. Alikuwa mtulivu kuliko nilivyotaka. Angefoka ningepumua.

"Umekuja na nani?"

"Na hawa tu, baba. Kamera sijaja nayo. Nimeona ndiyo heshima."

"Heshima kwa nani?"

"Kwenu, baba."

Mzee akamtazama jogoo, akamtazama yeye. "Ulipotusema, ulitusema kwa nchi nzima. Leo unakuja kuniomba radhi mbele ya kuku. Wajukuu zangu wa Dar nitawaambia nini? Kwamba yule staa alikuja akaomba radhi, ila hamkuwepo?"

Dada Mkubwa akamshusha jogoo chini.

Mke wa mzee akadakia kutoka jikoni, bila hata kutoka nje: "Mwambie awashe! Anajua kuwasha huyo!"

Zuberi akaanza kucheka akajidai anakohoa. Sisi tulikuwa tumepanga vizuri kweli, tumekaa Mbinga tukakubaliana kwamba kosa lilikuwa kamera, basi tuiache. Wenzetu walikuwa wanaitaka kamera. Aibu waliyopewa hadharani waliitaka ifutwe hadharani. Mtu yeyote wa pale angetuambia hivyo kama tungeuliza, na kwa mara ya pili hatukuuliza.

Dada Mkubwa akanipa simu yake nipige. Akaanza: "Wapendwa wangu, leo niko hapa Mpepai na moyo mzito..."

"Hapana," akasema Mzee Otmari. "Hiyo sauti ya matangazo. Sema kama unavyosema na mama yako."

Akaanza upya. "Nilisema ndugu wa Bibi Gaudensia wamemtelekeza. Si kweli. Alikuwa anaishi na ndugu zake, anakula nao. Nilimuuliza swali lisilofaa, akanyamaza, nikamsemea uongo. Nawaomba radhi."

"Na jina," akasema mzee.

"Nakuomba radhi, Mzee Otmari, na nyumba yako yote."

"Haya. Zima."

Bibi Gaudensia alikuwa amesimama pembeni muda wote. Akaondoka. Akarudi na bakuli, maharage yanatoa moshi, akaliweka katikati ya mengine, akakaa mbali kidogo asitazame. Mzee Otmari akakata tonge. Akachovya kwenye la bibi kwanza. Halafu mikono mingine ikaanza kwenda pale. Baadaye ukoo ule ule walimfyatulia matofali wakamjengea jiko nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mkitaka ushauri wangu wa ujenzi ndio huo: jengeni jiko.

Ingeishia hapo ningekuwa nimewaandikia kitu cha kufurahisha, na labda nisingeacha kazi.

Meneja, sijui nani alimdokeza, alituwahi kwa simu kabla hatujafika Mbinga. Akamwambia Dada Mkubwa asiposti. Akisema alidanganya mara moja, watu watasema amedanganya zote, kampuni ya bati itakimbia, na bati za Mbamba Bay zilikuwa bado hazijatoka ghalani. Dada Mkubwa akaniuliza mimi, kwenye kiti cha nyuma: "Skola, nifanye nini?"

Nikasema, "Umeshamuahidi mzee."

Akaposti tukiwa pale stendi ya Mbinga, network ilipokaa sawa. Na meneja alikuwa amesema kweli, jambo linaloniudhi mpaka leo. Watu wakaandika kumbe yote maigizo, matajiri waache kutembelea shida za watu, wakae na hela zao. Wengine walimtetea. Kampuni ya bati ikajitoa. Kampeni ikasimama.

Mbamba Bay nilikuwa nimeshatangulia. Ziwa lilipopanda lilikula nyumba za mstari wa mbele, ukisimama mchangani unaona misingi chini ya maji kama imewekwa pale makusudi. Zile familia walikuwa kwenye maturubai, huku juu kidogo. Nilikuwa nimekaa nao, nimekula ugali wao wa muhogo, nimewaambia tukitoka Mpepai tunakuja kwenu. Kwa hiyo ilibidi niende niwaambie hatuji.

Mama Lusia, anayeuza usipa pale, dagaa wa ziwa letu, alikuwa anageuza samaki wake kwenye chanja. Hakuacha.

"Tumeona ile video. Kaomba radhi vizuri. Yule mzee kasafishika."

"Ilibidi mama. Tulikuwa tumesema uongo."

"Sawa. Na sisi mkisema tumetelekezwa, mtakuwa mmesema uongo?"

Akageuza samaki mwingine.

"Mimi ndugu zangu wote nyumba zao ziko humo kwenye maji. Nani anichukue? Mzee yule ana aibu kwa sababu ana nyumba ya kuonea aibu. Mimi niaibisheni tu. Nipigeni picha nalia. Kulia najua, nataka nianze sasa hivi?" Akaweka uso wa kilio, wenzake wakacheka sana, mmoja akamwambia eti kilio chako hakipati hata bati moja, labda kopo.

Nikacheka na mimi, halafu nikaona nacheka peke yangu.

"Sasa ukirudi huko kwenu waambie," akasema. "Waanze na sisi."

"Mama, nimeacha kazi."

"Umeacha?"

"Nimestaafu." Nilitaka iwe utani.

Akaacha kugeuza samaki. Akaita, "Jamani njooni mumuone mstaafu! Katoto haka! Kamestaafu!" Wakaja wakanitazama. Mmoja akanipa pole ya uzee. Mama Lusia akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga, halafu akalitazama turubai lake, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mimi hili nastaafu lini?"

Sasa mnaniuliza kama matajiri maarufu waongelee watu wasio na nyumba au wanyamaze. Nimekaa na hilo swali sana. Mzee Otmari angesema wanyamaze. Mama Lusia angesema wapige kelele mpaka kieleweke. Kampeni ndiyo hiyo inaanza tena na mdhamini mwingine. Basi msitafute lokesheni mpya. Nendeni Mbamba Bay, muulizeni Mama Lusia yeye anataka kusema nini, halafu Dada Mkubwa aseme hayo hayo, asiongeze. Na ule ufunguo uchomeni, unafaa kwa kuni.

Nilipokuwa naondoka, Mama Lusia akaniita. Alikuwa ameshafunga usipa kwenye mfuko, wengi, wale wakavu wazuri wa kuuza.

"Mstaafu haondoki mikono mitupu."

Nilikataa. Akaniwekea kwenye begi mwenyewe, akafunga zipu.

Ofisini hakuna aliyeniaga kwa chochote, na sikutegemea. Nilifika nyumbani nikampa mama ule mfuko. Alikuwa bado ana kicheko chake, bado anawasimulia majirani habari ya mstaafu wake. Akakaanga, nyumba nzima ikanukia, akaonja mmoja kwenye sufuria.

"Wazuri hawa. Nani kakupa?"

"Mama mmoja kule Mbamba Bay. Anakaa kwenye turubai."

Mama akaacha kucheka. Akafunika sufuria.